Nyumba za moduli kwa waliohamishwa makwao: maana yake ni nini?

Moduli, katika ujenzi, ni kipande cha nyumba kilichokamilika: ukuta wenye dirisha lake, bapa la paa, mlango na fremu yake. Vipande hutengenezwa kiwandani au karakana kwa vipimo vilevile, husafirishwa vikiwa vimelazwa na kupangwa juu ya vingine, kisha huunganishwa pale nyumba inapohitajika. Vichache vinatoa chumba kimoja, na vikiongezwa, nyumba inakua. Tukisema nyumba hiyo ni endelevu, tunauliza zaidi ya kama inasimama. Malighafi yake imetoka wapi? Itadumu muda gani? Ikibomoka nani ataitengeneza, na kwa vifaa gani? Wenyewe wakiondoka, vipande vitakwenda wapi?

Haja ya nyumba kama hizi ni kubwa mno. Kwa hesabu ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mwishoni mwa 2024 watu zaidi ya milioni 123 duniani walikuwa wamelazimika kuyahama makazi yao, wengi wao wakiwa bado ndani ya nchi zao. Wengi hupokelewa kwa hema, na hema lina sifa yake: linafika upesi na linasimama siku hiyohiyo. Lakini turubai huliwa na jua na upepo, na hema la familia kwa kawaida huhesabiwa kukaa kama mwaka mmoja. Kambi nazo hukaa zaidi sana ya mwaka mmoja. Kambi ya Dadaab, nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1991, na wapo waliozaliwa humo ambao leo wana watoto wao. Kati ya hema la mwaka mmoja na kambi ya miaka thelathini ndipo dhana hii ya moduli inapopata kazi.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Better Shelter, uliobuniwa Sweden kwa ushirikiano na UNHCR na Wakfu wa IKEA. Nyumba nzima hufika ndani ya maboksi mawili. Watu wanne huiunganisha kwa saa chache bila mashine ya umeme: fremu ya chuma, paneli nyepesi za plastiki, na taa ya sola inayochaji pia simu. Eneo lake ni mita za mraba 17.5. Hesabu hiyo haikuja hivihivi. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, kwa hiyo hapo wanatosha watu watano. Wa sita akizaliwa, kiwango kimevunjika.

Nyumba hiyo ina mlango unaofungwa kwa kufuli. Mtu aliyelala miezi kadhaa nyuma ya zipu ya hema anajua uzito wa jambo hilo, hasa mwanamke mwenye watoto. Hata hivyo ubunifu mzuri nao hukosea. Desemba 2015 mji wa Zurich uliacha mpango wa kuwapa waomba hifadhi nyumba hizo baada ya majaribio ya moto kuonyesha hatari. Paneli inayozuia joto na baridi lazima ijibu pia swali la moto, maana katika kambi jiko la mmoja liko hatua chache kutoka ukuta wa mwingine.

Mimi nikitazama mchoro wa nyumba ya moduli, jicho langu huenda kwanza kwenye kiungo, pale kipande kinaposhikana na kingine. Kama vimegundishwa kwa gundi, au vinahitaji bolti ya pekee inayotoka kiwanda kimoja ng'ambo ya bahari, nyumba hiyo itaanza kufa siku kipande cha kwanza kitakapovunjika. Kama ni bolti ya kawaida na spana moja, baba mwenye nyumba atafungua ukuta uliopasuka, aweke mbao au bati mahali pake, na maisha yaendelee. Bibi akiwasili kutoka alikokuwa amekwama, ukuta wa nyuma unafunguliwa na chumba kinaongezwa. Watengenezaji wengi husifia kasi ya kuunganisha. Ningependa watuambie pia wepesi wa kufungua.

Malighafi nayo ina hadithi yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, wakimbizi walipewa maturubai na wakakata miti ili kupata nguzo, hadi misitu ikaanza kuisha. Wakapelekewa mabomba ya alumini. Alumini ina thamani sokoni, basi waliiuza wapate fedha, wakarudi msituni. Hakuna wa kulaumiwa hapo: mwenye njaa huuza anachoweza kuuza. Msanifu wa Kijapani Shigeru Ban akapendekeza nguzo za mirija ya karatasi ngumu, ambazo zinabeba turubai vizuri na hazina mnunuzi. Alumini, iliyokuwa bora kwenye michoro ya mhandisi, ilishindwa na hali halisi ya mtumiaji.

Ban alitumia mirija hiyohiyo Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995. Msingi ulikuwa makreti ya bia yaliyojazwa mifuko ya mchanga, kuta ni mirija iliyosimamishwa bega kwa bega, na katikati ya mrija na mrija kukabandikwa utepe wa sponji kuzuia maji. Kati ya nyumba na nyumba aliacha nafasi ya mita 1.8 ili majirani wapate pa kukaa pamoja. Nafasi hiyo naihesabu kuwa sehemu ya nyumba, ingawa haina ukuta.

Ardhi, maji na vyoo ni mada nzima peke yake. Nyumba nzuri iliyowekwa bondeni itaelea mvua ya kwanza ikinyesha.

Wazo hili lina umri mrefu kuliko jina lake. Tetemeko la San Francisco la Aprili 1906 lilipoacha maelfu bila makazi, vilijengwa vibanda 5,610 vya mbao, vyote vya muundo unaofanana, vikapakwa rangi ya kijani. Familia ililipa dola 2 kwa mwezi, na fedha hizo zikahesabiwa kwenye bei ya kibanda, dola 50. Kambi zilipofungwa, walipewa sharti la kuviondoa. Wakavipandisha kwenye mikokoteni, farasi wakavivuta hadi kwenye viwanja vyao, na wengine wakaunganisha viwili au vitatu kuwa nyumba moja. Vichache vimesimama hadi leo.