Mbuyu wa Sunland: Yanayosemwa na Yaliyopo

Mbuyu huu wa Modjadjiskloof, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, ulipata sifa kwa sababu ya tumbo lake: mwaka 1993 wenye shamba walifungua baa humo, watu wakawa wanakunywa bia ndani ya mti. Agosti 2016 pande kubwa la shina likabomoka. Aprili 2017 likafuata jingine, na maneno yakazidi.

"Ulikuwa na miaka 6,000." Tarakimu tamu kwa watalii. Kipimo cha radiokaboni, kinachokisia umri kwa kaboni iliyobaki ndani ya mti, kilipata miaka 1,060 hivi kwa sehemu kongwe na 750 kwa nyingine, kukiwa na tofauti ya miaka 75 juu au chini.

"Si wangehesabu pete za shina?" Pete za mbuyu ni hafifu, nyingine hazipo kabisa, na kwa mibuyu mikubwa katikati mara nyingi ni patupu.

"Huo uwazi ni kuoza tu." Hapa ndipo mbuyu unaponishangaza. Mibuyu mingi mikubwa si shina moja bali mashina kadhaa yaliyoota kwa duara, yakanenepa hadi yakashikana, yakaacha nafasi katikati. Papasa ukuta wa ndani wa nafasi ya namna hiyo: mkono unagusa gome, kama la nje. Tundu lililochimbwa na moto au kuvu halianzi na gome. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha. Kumbe huu ulianza kama fungu la mchicha.

"Baa ndiyo iliyouua." Tusizunguke mbuyu: lawama hunoga ikipata mtu wa kumwangukia. Lakini mbuyu wa Panke kule Zimbabwe, wa miaka kama 2,450, ulikufa 2011 bila baa yoyote. Ule wa Chapman, Botswana, ulianguka Januari 2016. Mwaka 2018 mtafiti wa mibuyu Adrian Patrut na wenzake waliandika katika jarida la Nature Plants kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikufa au kupoteza sehemu zake kongwe ndani ya miaka 12 hivi. Dalili za ugonjwa wa mlipuko hawakuziona. Wanashuku mabadiliko ya tabianchi, ila walikiri kwamba utafiti zaidi unahitajika kuthibitisha hilo.

"Angalau mbao zimebaki." Seremala asijisumbue. Mti wa mbuyu ni laini na umejaa maji. Ukianguka hunywea, ukabaki lundo la nyuzinyuzi mbichi, kama kamba zilizofumuliwa.