Je, wajua kwa nini Simbakubwa si simba? Jino lake lasema

Keti kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, umtupie paka kipande cha nyama chenye mishipa. Hatakikata kwa meno ya mbele. Atainamisha kichwa upande, akisukume hadi pembeni mwa kinywa, halafu akate. Huko pembeni ndiko uliko mkasi wake: jino la juu lenye makali linalopita ubavuni mwa jino la chini, na katikati ya makali pana bonde la umbo la V linaloushika mnofu usiteleze.

Paka, simba, mbwa na fisi wana mkasi mmoja tu kila upande, na daima ni meno yale yale mawili: juu ni jino la mwisho kabla ya magego, chini ni gego la kwanza. Urithi huo wameupata kwa babu mmoja. Kwa hiyo mtaalamu akipewa jino la mnyama mla nyama aliyetoweka, ukubwa haumbabaishi sana. Atatafuta makali yako wapi, kisha atauliza: mikasi ilikuwa mingapi?

Swali hilo ndilo lililomfichua Simbakubwa kutokaafrika, mnyama mla nyama wa kale aliyetoweka. (Mwalimu wa Kiswahili angelitia jina hili wino mwekundu mara mbili. Ni simba mkubwa, si kubwa. Na "kutoka Afrika" limebanwa kuwa neno moja kwa kuwa jina la kisayansi la spishi huwa na sehemu mbili tu.) Mabaki yake yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, yakahifadhiwa makumbusho ya Nairobi kwa miongo kadhaa. Mtafiti wa mabaki ya wanyama wa kale, Matthew Borths, alivuta droo akakutana na meno makubwa kupita kiasi, na mwaka 2019 yeye na mtafiti mwenzake Nancy Stevens wakamtangaza mnyama huyo rasmi. Umri wake ni miaka milioni 22 hivi.

Ukiitazama taya yake ya chini, magego yote matatu yana makali ya kukatia, moja nyuma ya jingine. Simba hana hayo. Ndiyo maana Simbakubwa amewekwa kwenye kundi la hayenodonti, walao nyama wa kale waliotoweka bila kuacha mzao hata mmoja. Jina la kundi hilo lina maana ya "meno ya fisi", na fisi nao si ndugu zao. Naona wanasayansi hawakuwa na bahati na majina hapa.

Uzito wake ndio mgumu. Hesabu moja inayotumia urefu wa meno yamfikisha takriban kilo 1,500, nyingine yamshusha hadi kilo 280. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu kanuni hizo zimetokana na wanyama wengine, na hakuna hayenodonti aliye hai wa kupandishwa kwenye mizani. Mimi nikiona kichwa cha habari kinachotaja ile namba kubwa peke yake, huwa nakisoma kwa jicho moja.

Na ukiokota jino ufukweni Nyali je? Rangi isikuhadae: weusi hutokana na madini ya mchanga au hata moto, si lazima uzee. Jiwe la pwani yetu hapa ni matumbawe ya kale yaliyojengeka chini ya bahari, kwa hiyo jino lililo ndani ya jiwe hilo mdhanie papa kwanza. La papa halina mizizi mirefu ya kuzama kwenye taya. La mnyama wa nchi kavu linayo. Likiwa limeshikwa na jiwe, usilichokoe, maana mara nyingi umri husomwa kwenye jiwe lililolizunguka. Lipige picha, weka alama ya mahali, ukawaarifu watu wa makumbusho Fort Jesus. Visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vinalindwa na sheria ya mwaka 2006.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinijia mbio, kiganja kimefumbwa: "Ami, nimepata jino la Simbakubwa!" Nikaligeuza. Juu yake hapakuwa na makali, ila mikunjo miwili miwili mfano wa mwezi mwandamo, ya kusagia majani. Lilikuwa la mbuzi, pengine wa Idi iliyopita.