Sumaku haiijui stenlesi

Mama mmoja anayejenga Nzuguni, hapa Dodoma, alifika karakana na sumaku ya spika mfukoni. Akaipitisha kwenye handreli za stenlesi za ngazi yake, ikateleza, akatabasamu. Ilipofika kwenye kona niliyoikunja, ikashika kidogo. "Fundi, hapa umenichanganyia chuma." Neno hilo, kwamba sumaku ikishika basi si stenlesi, nimelisikia mara nyingi mno. Leo naliandikia.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na metali ya kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikipata hewa hutengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, nayo huziba njia ya oksijeni kukifikia chuma. Ukiikwaruza, hujiziba yenyewe. Kinachozuia kutu ni ngozi hiyo, na sumaku haipimi kromiamu hata chembe. Inachokisikia ni jinsi atomi zilivyojipanga, na mpangilio huo hubadilishwa na metali nyingine, nikeli au manganizi.

Gredi ni namba ya aina ya stenlesi. Gredi ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, kwa hiyo sumaku inateleza. Ya 430 ina kromiamu 16 hadi 18 bila nikeli: sumaku inaing'ang'ania, na ni stenlesi halali. Hata ile aliyoiyeyusha Harry Brearley, Mwingereza anayetajwa kuwa mgunduzi wa stenlesi, kule Sheffield mwaka 1913 ilikuwa na kromiamu karibu 13 bila nikeli. Kwa kipimo cha sumaku, ungeikataa stenlesi yake! Visu vingi vya jikoni kwako viko hivyo hivyo. Vijaribu jioni hii.

Sasa sikia panapoumiza. Nikeli ni ghali, kwa hiyo kwenye gredi ya 201 sehemu kubwa yake imebadilishwa kwa manganizi. Sumaku inateleza vilevile kama kwenye 304, lakini 201 hushika kutu mapema zaidi. Mwenye sumaku ndiye anayeuziwa 201 kwa bei ya 304, na anaondoka akishukuru. Na ile kona ya mama? 304 ikikunjwa bila moto, atomi zake hujipanga upya kidogo na sumaku huanza kuhisi. Kromiamu haijaenda popote. Uliza gredi, idai iandikwe kwenye risiti, na ukiwa na shaka mwambie fundi atumie dawa ya matone ya kupimia manganizi.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia karakana. "Stenlesi haishiki kutu kabisa." Inashika. Chumvi huitoboa ile ngozi, na maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe. Tena fundi akitumia diski ya grenda iliyokwisha kukata chuma cha kawaida, anapandikiza vumbi la chuma juu yake, na baada ya mvua chache unaona madoa ya rangi ya udongo. Kwangu diski za stenlesi zina sanduku lake, na kijana akizichanganya anarudia kazi yote.

"Dodoma ni kavu, usipoteze hela kwa redoksaidi," yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mvua za Desemba hadi Aprili zinatosha kabisa kuleta kutu, na skwea paipu, bomba la pembe nne, huanza kuoza kwa ndani, maji yanapotuama. Ziba ncha, toboa tundu chini maji yatoke.

"Chuma cha Mjerumani hakiozi." Reli ya Mjerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na vipande vyake vina kutu kama kawaida. Vimedumu kwa sababu ni vinene. Geti lako ni la milimita moja na nusu.

"Chuma kililetwa na wazungu." Hapana! Wahaya wa Kagera walikuwa na tanuri za chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Wafipa wa Rukwa walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, wanaziita malungu, zilizovuta hewa zenyewe bila mtu kushika mvukuto. Mkaa uliyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake, uchafu ukayeyuka na kutoka kama mavi ya chuma, na bonge lililobaki likapelekwa kwa mhunzi kupigwa jembe.