Ustahimilivu wa mtandao: maana yake wakati kazi imehamia nyumbani

Ukisikia mtandao wa kompyuta wa kampuni fulani ni stahimilivu, usidhani maana yake ni kwamba haudukuliki. Mtandao wa namna hiyo haupo. Ustahimilivu ni uwezo wa mtandao kuendelea kutoa huduma huku sehemu yake moja imeharibika, kisha kurudi katika hali yake kabla hasara haijawa kubwa. Usalama unashughulika na kufunga milango. Ustahimilivu unauliza: mwizi akishaingia, au umeme ukikatika, kazi itaendeleaje?

Kisa kinachonifafanulia jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Juni 2017 ilivamiwa na programu hasidi ya NotPetya. Maersk ilikuwa na seva nyingi zenye orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila moja ikiwa nakala ya nyingine. Mpango huo ulionekana madhubuti, kumbe seva zote zilikuwa zimeunganishwa muda wote, na kilichoipata moja kikazipata zote. Ikapona moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa hewani. Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kupitisha data yote hiyo, hivyo diski ikabebwa kwa ndege hadi Nigeria na kukabidhiwa uwanjani kwa mfanyakazi mwingine, naye akapanda nayo ndege ya London. Ndipo kazi ya kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ikawezekana, na ilichukua siku 10 hivi. Ustahimilivu ni kuipanga kwa makusudi hali ambayo pale ilitokea kwa bahati: nakala rudufu moja iwe imechomolewa kabisa, na iwe imeshajaribiwa kurejeshwa.

Kazi za mbali zimeyafanya haya kuwa magumu zaidi. Zamani kompyuta zote zilikaa jengo moja, nyuma ya kinga moja. Sasa ruta ya kila nyumba ni mlango wa ofisi, na nyingi bado zinatumia nywila iliyobandikwa chini yake kiwandani. Mwaka 2021 wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani inayosafirisha mafuta kwa bomba, kupitia akaunti ya zamani ya VPN, ile njia ya kumuunganisha mfanyakazi wa mbali na seva za kazini. Akaunti ilikuwa haitumiki tena, lakini hakuna aliyeifuta. Nywila yake ilikuwa imevuja, na haikuhitaji uthibitisho wa hatua ya pili. Wadukuzi walishika kompyuta za ofisini tu, ila kampuni ikaamua kulizima bomba lenyewe kwa siku kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba kuwa ndani ya mtandao kusimpe mtu imani ya bure. Kila ombi lihakikiwe, na kila sehemu itengwe na mwenzake ili moto wa chumba kimoja usiteketeze nyumba nzima.

Wala si lazima awepo adui. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilizimisha kompyuta zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5. Hebu mfikirie fundi siku ile. Kompyuta ya mwenzake iko nyumbani, haiwaki, kwa hiyo haifikiki kwa mtandao. Inabidi ampigie simu amwelekeze hatua kwa hatua, na kama diski imesimbwa (data yake imefungwa isisomeke bila ufunguo) kwa BitLocker, programu ya Windows ya kazi hiyo, amsomee namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48, bila kukosea hata moja. Kisha amgeukie wa pili, na wa tatu. Na kama namba hizo zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imezimika, ni lazima aanze kwa kuifufua seva.

Kwa hiyo ukitaka kujua ustahimilivu wa mahali unapofanyia kazi, uliza maswali ya siku ya namna hiyo. Funguo za dharura ziko wapi? Barua pepe ikizimika, watu wataitana kwa njia gani? Orodha ya namba za simu ipo kwenye karatasi, au imo ndani ya mtandao uleule uliozimika?