Kwa nini nyuzi mbili za programu zinaweza kuona sifuri mahali ambapo karatasi inasema haiwezekani?

Tuanze na programu fupi kabisa yenye nyuzi mbili, yaani mifululizo miwili ya maagizo inayokwenda sambamba. Kuna vigeu viwili, x na y, vyote vikianza na sifuri. Uzi wa kwanza unaandika 1 kwenye x, kisha unasoma y. Uzi wa pili unaandika 1 kwenye y, kisha unasoma x. Nyuzi hizo zinaendeshwa kwa pamoja, kila mmoja kwenye kiini chake cha kichakataji. Je, inawezekana zote mbili zisome sifuri?

Ukikaa na karatasi utajibu hapana, na hoja yako itakuwa nzuri. Lazima uandishi mmoja utangulie mwingine. Ukitangulia wa x, basi uzi wa pili utakapomaliza kuandika y na kugeukia kusoma x, utaikuta tayari ni 1. Ukitangulia wa y, mambo ni yale yale kwa uzi wa kwanza. Unaweza hata kuzipanga hatua zote nne kwa kila namna inayoheshimu mpangilio wa kila uzi. Ziko namna sita tu, na hakuna hata moja inayotoa sifuri mbili.

Sasa iendeshe mara milioni kadhaa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Sifuri mbili zitajitokeza, na kompyuta haina ubovu wowote.

Tatizo limejificha kwenye neno “kuandika”. Kiini kikiambiwa kiweke 1 kwenye x, hakiendi nayo moja kwa moja hadi kumbukumbu kuu. Hesabu ndogo humalizika chini ya nanosekunde moja, ilhali kuifikia kumbukumbu kuu huchukua nanosekunde 100 hivi. Kiini kikisubiri kila uandishi ufike, kitashinda kimekaa bure. Ndiyo maana kila kiini kina bafa yake, foleni fupi ya maandishi yanayongoja kutoka. Kiini hutumbukiza 1 kwenye foleni na kuendelea na agizo linalofuata.

Tazama basi kinachotokea. Kiini cha kwanza kimeitia x = 1 kwenye foleni yake, kimesoma y, kimekuta 0. Wakati huohuo kiini cha pili kimeitia y = 1 kwenye foleni yake, kimesoma x, kimekuta 0. Foleni zote mbili bado hazijamwagwa. Kila kiini kikisoma kigeu chake chenyewe kitaona 1, kwa sababu huchungulia kwanza foleni yake. Cha mwenzake hakioni. Kwa kitambo hicho kifupi, viini viwili vya kompyuta moja vina picha mbili tofauti za kumbukumbu ileile, na swali la “ni uandishi upi ulitangulia” halina jibu moja.

Tulichokuwa tunakitarajia kwenye karatasi, mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alikieleza mwaka 1979: matokeo yawe kana kwamba hatua za vichakataji vyote zimepangwa kwenye mstari mmoja, kila kichakataji kikifuata mpangilio wa programu yake. Vichakataji vya x86, aina iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani, havikuahidi hilo. Vya ARM, vilivyozoeleka kwenye simu, na vya POWER vya IBM viliahidi pungufu hata ya hapo.

Ugeni huu unagusa hata uthibitisho wa kihisabati, na kwangu hapa ndipo penye uzito. Mwaka 1976 Susan Owicki na David Gries walionyesha namna ya kuthibitisha programu zenye nyuzi nyingi: kila uzi uandikiwe madai yake hatua kwa hatua, kisha uhakikishe kwamba hakuna hatua ya uzi mwingine inayoyavunja. Kwa njia hiyo unaweza kuthibitisha kwamba sifuri mbili haziwezekani. Kila mstari wa uthibitisho uko sawa, na bado kompyuta inakukanusha, kwa sababu njia yenyewe imedhani kwamba kumbukumbu ni moja na wote wanaitazama kwa pamoja. Mwaka 2015 Ori Lahav na Viktor Vafeiadis walitoa toleo linalohimili kumbukumbu dhaifu, yaani ile isiyotimiza ahadi ya mstari mmoja, na ili lihimili ilibidi wakaze sharti lile la nyuzi kutoingiliana.

Mfano wa pili ni ule wanaokutana nao wengi kazini. Uzi mmoja unaandaa data, tuseme d = 7, kisha unainua bendera: b = 1. Uzi mwingine unaingoja bendera, ukiiona 1 unasoma d. Kwenye x86 foleni hutoka kwa zamu, kwa hiyo d hufika kabla ya b. Kwenye ARM maandishi mawili ya sehemu tofauti yanaweza kufika kwa mpangilio wowote, na msomaji naye anaweza kuwa ameichukua d mapema, kabla hata ya kuitazama bendera. Msimbo uliofanya kazi miaka na miaka kwenye x86 unahamishiwa ARM, na siku moja unasoma takataka. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya kichakataji, nayo inaruhusiwa kupangua mistari hiyo, kwa hiyo hata x86 haikupi kinga kamili.

Dawa ni kuiandika bendera kwa uandishi wa kuachilia na kuisoma kwa usomaji wa kupokea. C na C++ ziliingiza maneno haya rasmi mwaka 2011. Maana yake ni makabidhiano: msomaji akiiona thamani iliyoachiliwa, basi kila kilichoandikwa kabla ya kuachilia kimeshakuwa chake kukiona. Ukishalishika hilo, namna ya kufikiri inabadilika. Unaacha kuuliza “saa hii x ni ngapi?” na kuanza kuuliza “uzi huu umekabidhiwa nini, na nani?”

Usidhani, hata hivyo, kwamba dawa hiyo inatibu mfano wa kwanza. Pale hakuna anayemkabidhi mwenzake kitu: kila mmoja amesoma thamani ya zamani, na kusoma ya zamani hakuvunji makabidhiano yoyote. Sifuri mbili zinabaki halali. Unahitaji kizuizi kamili kati ya kuandika na kusoma, agizo linalolazimisha foleni imwagwe kabla ya kiini kuendelea. Anayetumia kufuli, yaani kuruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, kila mahali nyuzi zinapogusana anaepushwa na haya yote. Java tangu 2004, na C++ tangu 2011, zinaahidi kwamba programu ya namna hiyo itaonekana kama mstari mmoja wa Lamport.

Lipo fundo lililosumbua zaidi. Uzi wa kwanza unakili x kwenda y, wa pili unakili y kwenda x, bila kizuizi chochote. Vyote vilianza na sifuri. Je, vinaweza kuishia na 42? Kila mmoja aliipata kwa mwenzake, na duara limefungika, ingawa 42 haikuandikwa popote. Hakuna kichakataji kinachofanya hivyo, lakini kanuni rasmi za C++ za 2011 hazikuweza kulikataa jambo hilo bila kukataa pia maboresho halali ya kompaila.

Mwaka 2017 Lahav, Vafeiadis na wenzao watatu walipendekeza njia ya ahadi. Uzi unaruhusiwa kutangaza uandishi kabla ya wakati wake, mradi uonyeshe kwamba ukiachwa uendelee peke yake utaitimiza ahadi hiyo. Kama mstari wake ni y = 1, ahadi ya 1 inapita, hata kabla ya kuisoma x. Kama mstari wake ni y = x, hauwezi kuahidi 42, maana ukiwa peke yake hapo, kwenye x haukuti ila sifuri.