Ndege moja ikianguka, shirika dogo linabaki na nini?

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 wengi wetu tulikuwa tumeshika simu tunaangalia ile picha ya Bukoba, mkia wa ndege ndo unaonekana juu ya maji ya Ziwa Victoria, watu wako kwenye mitumbwi na wengine wanavuta kamba. Ilikuwa ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air, shirika la Tanzania, yenye watu 43, wakafariki 19 wakiwemo marubani wote wawili. Toka siku hiyo kila darasa la usalama wa anga ninaloingia naulizwa, eti shirika dogo likipata ajali kama ile si ndo basi tena? Huwa nasema inategemea.

Tuanze na hesabu tu. Shirika lenye ndege mia likipoteza moja, ratiba inazibwa siku hiyo hiyo na abiria wala hajui. Sasa tuseme wewe unazo nane. Ndege moja haiendi safari moja kwa siku, asubuhi imeenda Bukoba, ikirudi inageuza Zanzibar, jioni iko Kilimanjaro, kwa hiyo ikitoka hiyo moja unayumba kwenye ruti tatu nne kwa mpigo. Halafu marubani waliobaki wamefiwa na wenzao, watu waliokuwa wanakula nao meza moja, wengine inabidi wapumzishwe na ni sahihi kabisa, maana rubani ambaye hajalala siku tatu hafai kukaa pale mbele. Unakuta ndege ipo, wa kuirusha hayupo. Na huku mafaili ya matengenezo na ya mafunzo yamezuiliwa kwa ajili ya wachunguzi, fundi mkuu anahojiwa, mkuu wa marubani anahojiwa, yani wale wale wachache wanaoendesha kila kitu ndo wanatakiwa kila sehemu.

Uchunguzi wenyewe haufanywi na shirika. Tanzania kuna kitengo chake chini ya wizara, na kwa taratibu za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, nchi iliyotengeneza ndege nayo inaleta watu, kwa ATR ni Ufaransa. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho inaweza ikala mwaka au zaidi. Muda wote huo shirika halitakiwi kutoka hadharani na kusema chanzo ni hiki au kile, hata kama wanahisi hawana kosa, na huku mtaani kila mwenye bando keshakuwa rubani. Ukimya huo ndo unaumiza jina kuliko watu wanavyodhani.

Ila kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni orodha ya abiria. Pale Bukoba hesabu ya kwanza ya walionusurika ilitajwa 26, baadae ikasahihishwa kuwa 24. Simlaumu mtu, kwenye vurugu zile lolote linatokea, ila fikiria wewe ndugu yako yuko kwenye ile ndege na umesikia 26. Orodha inaonekana kitu rahisi mpaka uishike: kuna aliyebadilisha tiketi usiku, kuna jina limeandikwa nusu, kuna mtoto mchanga asiye na siti yake. Wanafunzi wangu nawaambia, kabla hujataja idadi soma majina, kisha yasome tena na mtu mwingine.

Na abiria hachambui kosa ni la nani. ValuJet ya Marekani mwaka 1996 ilipoteza watu 110 kule Florida, moto ulianzia kwenye vifaa vya kuzalisha oksijeni vilivyopakiwa vibaya na kampuni ya nje iliyokuwa inawafanyia matengenezo, ingawa wachunguzi walisema na ValuJet yenyewe ilishindwa kuisimamia. Serikali ikaizuia kuruka, ikarudi baada ya miezi michache, watu wakawa washaikimbia. Mwaka uliofuata ikaungana na AirTran, kampuni ndogo kuliko yenyewe, ikachukua jina la AirTran.

LaMia ya Bolivia ndo haikufika hata huko. Novemba 2016 ndege yao iliyobeba timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazil iliishiwa mafuta karibu na Medellín, Colombia, wakafa 71, na rubani alikuwa mmoja wa wenye kampuni. Ndani ya siku chache kibali kikasimamishwa. Kilichofuata ndo kibaya, bima ikakutwa na kasoro, malipo hayakuwa yamekamilika, kampuni za bima zikakataa kuitambua zikaja na mfuko wa huruma badala ya fidia kamili, na familia zikahangaika miaka. Shirika dogo likilegea kwenye bima, familia za waliofariki hazina pengine pa kudai, maana kampuni yenyewe haina mali ya kuuza.

Precision Air bado inaruka. Watu wanasema ni matangazo, mimi siamini sana. Kutoka Dar kwenda Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na mtu mwenye mgonjwa au msiba kule anapiga hesabu ya hizo siku za basi, anakaa kimya kidogo, halafu anauliza tiketi bei gani.