Kilo 2 za usiku mmoja wa sikukuu sio mafuta
Wengi tunaamini ukila mlo mmoja mkubwa wa sikukuu basi ushanenepa, maana kesho yake unapanda mzani unakuta kilo 2 zimeongezeka. Mzani haudanganyi, ila nyingi ya hizo ni maji, chumvi inayashikilia mwilini, na wanga unaowekwa akiba kwenye misuli na ini kila gramu 1 inabeba kama gramu 3 za maji, halafu chakula chenyewe bado kiko tumboni (hilo huwa tunalisahau kabisa). Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700, sasa kula zote hizo juu ya zile mwili unazotumia, kwa mlo mmoja, ngumu. Jipime kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla hujala, siku 7 hivi uone hizo kilo zinavyoshuka. Ila ukila hivyo wiki 3 mfululizo, hapo habari nyingine.